Nilipouza cherehani ili niaminiwe

Gauni la harusi lilikuwa limebaki mikono na pindo la chini. Ni kazi ya siku moja na nusu, au siku mbili kwa mtu anayejivuta. Mwenyewe alikuja jioni kulijaribu akanikuta nimelala chali sakafuni, miguu juu ya kigoda, gauni lake limening'inia ukutani juu ya kichwa changu. Hakufoka. Alisema tu, "Pole dada, lakini harusi ni Jumamosi." Nikamrudishia advansi yake yote, nikamkunjia gauni lile pamoja na vipande vya mikono nilivyokwisha kuvikata, akaenda navyo kwa fundi mwingine. Usiku ule nilichukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wa mwisho na kuandika: gauni moja, limerudi. Sikujua kwamba ukurasa ule ungejaa, na mwingine baada yake, kwa miaka mitatu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kushona nikiwa na miaka 19, na kiuno kilianza kunisumbua nikiwa na 41. Hapakuwa na ajali. Siku moja niliinuka kitini nikahisi kitu kimekaza chini ya mgongo, na baada ya wiki mbili maumivu yakaanza kushuka: takoni, nyuma ya paja, shavu la mguu, hadi kidole kidogo cha mguu wa kulia, mguu ule ule wa kukanyagia. Nikikaa dakika kumi yanakuja kama shoti ya umeme. Nikisimama yanapungua, lakini nani anashona kasimama?

Fundi hulipwa kwa nguo, halipwi kwa siku. Hatuna likizo ya ugonjwa. Kwa hiyo mwanzoni nilichokiogopa zaidi kilikuwa kalenda: nguo za watu zilizoahidiwa tarehe, na mimi siwezi kukaa. Nikaanza vidonge vya maumivu. Diklofenaki asubuhi, ibuprofeni mchana, na siku za oda nyingi naongeza kimoja usiku. Nilivinunua mwenyewe bila kumuuliza mtu, nikivimeza mara nyingi tumboni hamna kitu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukaa kwenye mashine kabla havijaisha nguvu. Kwa miezi mitano vilinifanyia kazi, na mimi nikafanya kazi.

Mwezi wa sita nikaona choo kimekuwa cheusi kama lami. Tumbo lilikuwa linawaka kwa wiki kadhaa, nami nikalidharau maana mgongo ulikuwa unapiga kelele zaidi. Daktari aliponiuliza natumia dawa gani, nikamtajia, akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba dawa za kundi lile huzuia kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu, lakini baadhi ya kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Kuchanganya mbili za kundi moja hakuongezi nafuu ya maana, kunaongeza madhara tu. Nilikuwa na kidonda cha tumbo na kinavuja damu. Nililazwa siku nne.

Nilipotoka, daftari lilinishinda. Nilikuwa nimeandika vidonge kwa miezi yote ile, nikivihesabu kuwa gharama ndogo, ya kuvumilika. Sasa palikuwa na kitanda cha hospitali, omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) ya wiki nane, nguo 11 zilizochelewa, na wateja wawili ambao hawakurudi tena. Niandike wapi hayo? Ni gharama ya tumbo au ya mgongo? Mwishowe niliandika yote chini ya mgongo, maana huko ndiko yalikotoka. Tangu siku hiyo sijaiita dawa yoyote rahisi kabla ya kuuliza inaishia wapi mwilini.

Lakini hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi. Kulikuwa na nyingine.

Maumivu ya mgongo hayana bandeji. Mama yangu alifariki kwa saratani, na katika miezi yake ya mwisho hakuna aliyemuuliza kama kweli anaumwa. Uvimbe ulionekana, karatasi za maabara zilikuwepo, ndugu walipokezana kumuuguza. Alipewa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, akalala. Nimekuja kusoma kwamba bahati hiyo ya kulala ni ya wachache. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyochunguza jambo hili ilitoa ripoti yake mwaka 2017: katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi, na kila mara namwona mama.

Mimi sikuwa na uvimbe wa kuonyesha. Nilikuwa na uso uleule, sauti ileile, na asubuhi nyingine niliweza hata kuimba. Wifi yangu alinikuta siku moja natandika kitanda akasema, "Mbona leo uko mzima?" Hakusema kwa ubaya, nina hakika. Ila kuanzia siku ile nilianza kujichunga. Nikipata nafuu ya saa mbili, nilikuwa naificha, nisije nikaambiwa kwamba jana nilikuwa najisingizia. Nilijifunza kutembea nikichechemea hata kwenye zile hatua ambazo haziumi. Naliandika hili kwa sababu najua wapo wanaolifanya usiku huu na wanajichukia kwa hilo. Si uongo. Mtu asiyeaminiwa huanza kuigiza kile anachokihisi kweli.

Nyumbani mambo yalibadilika polepole bila mtu kutangaza. Baba watoto alichukua zamu za usiku ili kuziba pengo. Nilihamia kwenye godoro la chini kwa sababu kila akigeuka kitandani nilikuwa naruka, na godoro lile la muda likakaa miezi 14. Tuliacha kugombana, jambo ambalo watu huliona jema, lakini sisi tuliacha kwa sababu tulikuwa tumeacha kuzungumza. Yeye alikuwa anaogopa kuniuliza hali maana jibu lilikuwa moja. Mimi nilikuwa naogopa kumjibu maana nilimwona anavyochoka.

Na binti yetu, wakati huo ana miaka 13, alikuwa mkimbiaji. Mita 800. Mwalimu wake alikuwa akimsifu. Siku moja nikaona viatu vyake vya kukimbilia vimewekwa juu ya kabati, vimefungwa kwa kamba zake. Nikamuuliza, akanijibu, "Mazoezi yanaisha jioni sana, mama. Maji nani atachota?" Hakulalamika, aliendelea kuosha vyombo. Nilienda kwenye daftari nikakaa na kalamu muda mrefu. Hakuna risiti ya viatu kuwekwa juu ya kabati. Sikuandika kitu siku ile, na hilo ndilo deni kubwa kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

Basi nikafanya uamuzi ambao wakati ule niliuona wa busara. Nilikuwa na mashine mbili: cherehani ya kushonea, na ile ya ovaloki ya kuziba kingo za nguo. Nikaiuza ya ovaloki nikalipie kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya ndani ya mwili. Daktari wa mwanzo alikuwa amekwisha kunipima: amenigonga magoti kwa kinyundo, ameniinua mguu nikiwa nimelala, amenisimamisha kwa visigino na kwa vidole. Alisema haoni dalili za hatari, kwamba kipimo hicho hakitabadilisha matibabu kwa sasa. Alinitajia dalili ambazo zingemfanya anikimbize siku hiyo hiyo: mkojo au choo kukataa kutoka au kutoka bila kujizuia, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mguu kuishiwa nguvu. Sikuwa na hata moja. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaenda kuuza mashine.

Leo najua kwa nini. Sikuwa nanunua matibabu. Nilikuwa nanunua ushahidi. Nilitaka picha ya kumwonyesha wifi, ya kumwekea baba watoto mezani, hata ya kujionyesha mwenyewe saa nane za usiku nilipoanza kujiuliza kama labda ni uvivu.

Majibu yalikuja kwenye bahasha. Diski mbili za chini, zile pedi zilizo kati ya pingili za mgongo, zimechakaa, moja imetokeza kidogo, hakuna cha kupasua. Nililia pale nje, na nikiri kwamba sehemu ya kilio ilikuwa ni kwa sababu majibu hayakuwa mabaya vya kutosha. Hata hivyo neno "zimechakaa" lilifanya kazi yake. Kwa wiki moja nyumba nzima ilinihurumia. Kisha huruma ikapungua kama kawaida, na kilichobaki ni woga wangu mimi. Kitu kilichochakaa hupasuka, sisi mafundi tunalijua hilo kwenye nguo. Nikaanza kuutunza mgongo kama kitambaa kilichokwisha kulika: nisiiname, nisibebe, nisigeuke ghafla, nilale zaidi. Nikalala zaidi. Baada ya miezi miwili nilikuwa sifiki kwenye kona ya barabara bila kupumzika, na maumivu yalikuwa yamezidi.

Ni miezi mingine kabla sijafika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, dada mmoja mpole ambaye hakuigusa bahasha yangu hadi mwisho. Kwanza aliniuliza maumivu yakoje. Nikasema nane kwa kumi, kama nilivyozoea kujibu. Akasema, "Achana na namba. Niambie kwa maneno." Nikanyamaza. Miaka miwili hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikaanza: kiunoni yanafukuta, pajani yanavuta, kwenye shavu la mguu yanachoma, kidoleni si maumivu, ni ganzi inayowasha, na usiku yote kwa pamoja yanapwita. Aliandika kila neno. Aliniambia kwamba mwanasaikolojia Ronald Melzack alitengeneza dodoso zima la maneno kama hayo mwaka 1975 kwenye Chuo Kikuu cha McGill, kwa sababu aliona namba moja haiwezi kubeba kitu chenye sura nyingi namna hiyo. Maneno yangu yalimwambia kipi ni cha misuli na kipi ni cha neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyokerwa.

Kisha akafungua bahasha, akasoma, akanipa habari ambayo ingeniokolea mashine. Watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye 40, asilimia 68. Kwa wenye 80, asilimia 96. Watu wenye afya kabisa, wanaotembea zao, hawajui. "Wewe una miaka 43," akasema. "Hii ni kama kuniletea picha inayoonyesha kwamba una mvi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia aliyeandika neno lile bila maelezo, nikajikasirikia mimi. Hasira ile ilinichukua siku kadhaa, na nadhani ilikuwa ya haki.

Aliporudi kunieleza alianza na goti. Ukijigonga goti unafanya nini? Unalisugua. Kwa nini kusugua kunapunguza maumivu wakati jeraha liko palepale? Mwaka 1965 Melzack na mwenzake Patrick Wall walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Habari za mguso na habari za hatari zinapita hapo, na lango linaweza kufunguka zaidi au kufunga, kutokana na mambo mengine yanayoingia na kutokana na amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo. Maelezo ya undani yamesahihishwa tangu wakati huo, alisema, lakini jambo kuu limebaki: maumivu hayatoki mwilini yakiwa yamekamilika kama maji bombani. Hofu inayakuza. Kukosa usingizi kunayakuza. Kukaa ndani siku nzima ukiyasikiliza kunayakuza. Na maumivu yakishapita miezi mitatu, mfumo wenyewe wa neva mara nyingi huwa umeshazoea kupiga kengele kwa kitu kidogo.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo yako kichwani mwangu?" Akaniambia maumivu yote ya binadamu yanafanyika kwenye ubongo, hata ya mguu uliovunjika, na hilo halimfanyi mtu kuwa mwongo. Akanionyesha maana rasmi ya maumivu iliyorekebishwa mwaka 2020 na chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu. Chini yake kuna maelezo machache, na moja linasema kwamba mtu anapoeleza kuwa anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Basi. Hawajataja picha wala bahasha. Niliisoma mara tatu. Niliuza mashine kununua kitu ambacho wataalamu wenyewe wanasema nilistahili kupewa bure.

Matibabu aliyonipa yalikuwa ya kawaida mno hadi nikayadharau. Kutembea dakika tano, mara tatu kwa siku, na kuongeza dakika moja kila baada ya siku mbili, iwe nina nafuu au sina. Mazoezi manne ya kiuno na nyonga. Kuinua meza ya kukatia hadi usawa wa kiuno nisikate nimeinama. Kuinuka kwenye cherehani kila baada ya dakika 25, hata kama mshono haujafika mwisho. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, maana fundi hapendi kuacha mshono katikati. Zamani siku ya nafuu nilikuwa nashona saa tisa mfululizo kufidia, kisha nalala siku tatu. Alinifundisha kushona kwa saa, si kwa maumivu: naacha muda ukifika, hata kama najisikia vizuri.

Hayakuisha. Lazima niseme hivyo wazi kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza fedha nyingi kwa watu walioniahidi yataisha. Baada ya miezi minane yalikuwa yamepungua, nilikuwa nalala saa sita bila kuamka, na nilikuwa nashona karibu theluthi mbili ya kazi niliyokuwa nashona zamani. Bado kuna siku naamka na mguu unachoma. Sizihesabu tena kuwa ni kurudi mwanzo.

Ripoti ya taasisi ya tiba ya Marekani ya mwaka 2011 nilikutana nayo kwenye simu, katika zile nyakati za usiku za kusubiri kukuche. Walikadiria kwamba maumivu ya muda mrefu yanaigharimu nchi ile kati ya dola bilioni 560 na 635 kwa mwaka, zaidi ya ugonjwa wa moyo, zaidi ya saratani, zaidi ya kisukari, kila mmoja ukichukuliwa peke yake. Kilichonivuta ni mgawanyo. Zaidi ya nusu ya fedha hizo hazikwenda kwenye dawa wala vitanda. Ni kazi ambayo haikufanyika: siku ambazo watu hawakwenda, saa walizokuwepo lakini hawakuweza, ujira uliopungua. Nikachukua daftari langu nikajumlisha. Vidonge, kulazwa, kipimo, nauli, mafuta ya kuchua, kwa pamoja vilikuwa chini ya nusu. Nguo zilizorudi na zile ambazo hazikuja kabisa zilikuwa ndizo nyingi. Na hao wataalamu, kwa maelezo yao, hawakuweza kuingiza machozi kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo. Nawaza ni viatu vingapi viko juu ya makabati.

Viatu vya binti yangu nilivishusha mwenyewe. Nilimwambia maji nitachota mimi, ndoo nusu nusu, safari nyingi, na kwamba mtaalamu ameniambia mgongo wangu unahitaji hizo safari. Aliniangalia kama anayeangalia mtu anayetaka kuanguka. Nilichota mbele yake siku tano mfululizo ndipo akakubali. Misimu miwili ya mashindano ilikuwa imempita, na kwa mkimbiaji wa umri ule misimu miwili ni mingi. Siku hizi anakimbia, ila hajafikia muda wake wa zamani. Nimemwomba radhi. Alisema, "Ulikuwa unaumwa, mama," kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikatambua kwamba katika nyumba ile yeye alikuwa ameniamini tangu siku ya kwanza.

Na baba watoto, siku niliporudisha godoro juu, aliniuliza swali ambalo hajaliacha mpaka leo. Zamani, mara chache alipothubutu, aliuliza mgongo unaumaje. Sasa anauliza, "Leo umeshona nini?" Namweleza, na katika kueleza, maumivu nayo yanajitaja mahali pake, nayo anayasikia.

Daftari nimelibadilisha. Lina pande mbili: kushoto kile mgongo ulichonigharimu, kulia kile nilichofanya. Mashine ya ovaloki iko kwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Yeye ndiye aliyeinunua. Sina nyingine, kwa hiyo kila Alhamisi nampelekea nguo anizibie kingo, namlipa kwa kila nguo, na yeye huona haya kupokea, huniambia, "Fundi, acha tu," nami nakataa. Kufika kwake ni dakika 20 kwa mguu. Mzigo naugawa kwenye mifuko miwili, mmoja kila mkono, uzito sawa. Malipo yake nayaandika upande wa kushoto. Dakika 20 za kwenda na 20 za kurudi naziandika upande wa kulia.